Oksijeni Iliyozidi Lebo: Kisa cha Unga Mweusi wa Betri

Hitimisho la ripoti lilikuwa fupi: unga mweusi ndio unaotoa oksijeni, na ukiuongeza unga, oksijeni nayo inaongezeka. Aliyeliandika ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya kutwa ninayofundisha kemia hapa Mwanza. Kitabu kinasema kinyume chake. Unga huo ni kichocheo, na kichocheo huongeza kasi ya mmenyuko (badiliko la kikemia) bila chenyewe kutumika, wala hakiongezi kiasi cha zao. Ingekuwa rahisi kupiga mstari mwekundu, kuandika "siyo" pembeni na kuchukua daftari linalofuata. Sikuweza, kwa sababu kila kipimo alichokiandika kilikuwa kinamuunga mkono.

Ninakieleza kisa hiki kwa urefu kwa kuwa naamini walimu wengi wa sayansi wamewahi kupokea ripoti ya namna hii na kuisahihisha kwa kalamu tu. Mwanafunzi anayefikia kosa kwa kufuata vipimo vyake anastahili kuonyeshwa kipimo kingine, si kuambiwa kitabu kimesema nini.

Jaribio lilivyokuwa

Haidrojeni peroksaidi ni kimiminika kisicho na rangi. Iliyo hafifu huuzwa maduka ya dawa kwa ajili ya kusafishia vidonda, na iliyo kali zaidi hutumika saluni kubadilishia rangi ya nywele. Molekuli yake ina atomi mbili za haidrojeni na mbili za oksijeni, nayo imeelemea kuvunjika: kila molekuli mbili zinazovunjika huacha molekuli mbili za maji na kutoa molekuli moja ya gesi ya oksijeni. Ikiwa kwenye chupa yake, gizani na mahali pa baridi, kazi hiyo huenda polepole kiasi kwamba chupa inaweza kukaa miezi mingi na bado ikafaa. Ukitia manganizi dayoksaidi, ambayo ndiyo unga mweusi wa kisa hiki, mapovu yanaanza papo hapo.

Manganizi dayoksaidi ya dukani hatukuwa nayo. Tuliitoa kwenye betri kavu za tochi na redio zilizokwisha moto, zile za zinki na kaboni. Katikati yake kuna kijiti cha kaboni, na kukizunguka kuna uji mweusi uliogandamana, ambao ni mchanganyiko wa manganizi dayoksaidi, unga wa kaboni na chumvi. Uji huo huoshwa kwa maji mengi mpaka chumvi ziishe, ukachujwa, ukaanikwa mpaka ukauke kabisa. Betri za alkali hazifunguliwi, kwa sababu ndani yake kuna potasiamu haidroksaidi inayounguza ngozi na macho. Mrija wa kupitishia gesi ulikuwa wa dripu, umenunuliwa duka la dawa. Silinda ya kupimia ilijazwa maji na kugeuzwa kichwa chini ndani ya beseni. Mizani ilikuwa ile ndogo ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, aina wanayotumia wanunuzi wa dhahabu mjini.

Kila kundi lilivuta mililita 2 za peroksaidi kwa bomba la sindano, likaongeza maji mpaka zikatimia mililita 50. Chupa ya peroksaidi ilikuwa imeandikwa "ujazo 20", maana yake mililita 1 ikivunjika yote itatoa mililita 20 za oksijeni. Kwa hiyo mililita 2 zilitegemewa kutoa mililita 40. Kundi moja halikutia unga. La pili lilitia gramu 0.20. La tatu, alikokuwa mwanafunzi wetu, lilitia gramu 0.40. Karatasi ya maelekezo, ambayo imekuwa ikipokezanwa shuleni kwa miaka, iliagiza silinda isomwe baada ya dakika 2, kwa kuwa kipindi ni kifupi na foleni ya makundi ni ndefu.

Bila unga, silinda haikupata gesi ya kusomeka. Kwa gramu 0.20 zilipatikana mililita 30. Kwa gramu 0.40 zikapatikana 42. Kisha, wenzao walipokuwa wanaosha vyombo, kundi la tatu liliiacha silinda ikae palepale, nayo ikaendelea kupanda taratibu hadi ikatua kwenye 50.

Weka namba hizo pamoja uone zinavyosimulia hadithi moja. Pasipo unga hakuna gesi. Unga ukiongezeka, gesi inaongezeka. Na mwishoni gesi imezidi ile ambayo lebo inasema peroksaidi inayo. Nilipomuuliza gesi ya ziada anadhani imetoka wapi, alinijibu kwa utulivu: "Mwalimu, fomula ya huu unga si ina oksijeni mbili? Na peroksaidi yenyewe ina 40 tu. Hizo 10 zimetoka kwenye unga."

Nadharia yake ilikuwa inaeleza mambo yote matatu kwa mpigo. Nadharia ya kitabu, siku ile, ilikuwa inaeleza mawili kwa shida na la tatu haikuligusa kabisa.

Je, unga una oksijeni ya kutosha?

Kabla ya jaribio lolote jipya nilikaa naye tukapiga hesabu. Moli ni fungu ambalo wanakemia huhesabia chembe, lenye idadi ileile kila mara. Moli moja ya manganizi dayoksaidi ina uzito wa gramu 87, na kama ingeachia oksijeni yake yote ingetoa moli moja ya gesi ya oksijeni. Gramu 0.20 ni moli 0.0023. Kwa joto na kanieneo (msukumo) ya hewa ya maabara yetu (nitarudi kwenye kanieneo, kwa sababu ndiyo iliyobeba nusu ya kisa hiki), hizo ni karibu mililita 67 za gesi. Gramu 0.40 zingetoa mara mbili yake.

Maana yake shaka ya mwanafunzi iliwezekana kabisa. Unga ulikuwa na oksijeni ya kutosha kutoa mililita zote 50, na chenji ikabaki. Angekuwa ametumia chembe ndogo sana, hesabu peke yake ingemkatalia. Kwa gramu alizotumia, haikumkatalia.

Lakini hesabu hiyohiyo ilituonyesha njia ya kuamua. Kama unga ndio ghala, ghala lina kikomo. Gramu 0.20 haziwezi kutoa zaidi ya mililita 67 maisha yake yote, hata zitumike mara ngapi. Na 67 hiyo ni kwa unga safi; wa betri, ulivyochanganyika na kaboni, ungeishiwa mapema zaidi. Tukachukua gramu 0.20, tukazipa peroksaidi mpya, tukasubiri mpaka mapovu yakatulia kabisa: 50. Tukachuja, tukaosha, tukakausha, tukazipa peroksaidi nyingine: 50 tena. Jumla imefika mililita 100, na ghala lilikuwa na 67 tu. Tulipoutia unga huohuo kwenye maji matupu, haikutoka hata povu moja.

Hapo nilidhani tumemaliza. Yeye akaupima unga baada ya kuukausha na kusoma 0.19. "Mwalimu, 0.01 imepungua." Alikuwa sahihi kuisimamia namba hiyo, nami nilifurahi kuliko nilivyoweza kumwonyesha. Tulichukua gramu 0.20 nyingine, tukazikoroga kwenye maji matupu, tukazichuja na kuzikausha kwa utaratibu uleule. Nazo zikasoma 0.19. Kilichopungua kilikuwa kimebaki kwenye karatasi ya chujio.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote hakikuhitaji ustadi wowote. Chupa ya kundi la kwanza, lile lisilotia unga, hatukuimwaga. Tuliiacha kabatini kwa wiki moja ikiwa na mrija na silinda yake. Katika muda wote huo yalijitokeza mapovu machache tu juu ya silinda, kiasi kisichosomeka kwa alama za silinda ile. Darasa zima lilikuwa limeiandika kwamba "haina mmenyuko". Baada ya wiki tukafungua kizibo, tukadondosha unga, tukafunga haraka. Ikatoa 49.

Oksijeni ilikuwamo humo wiki nzima. Kimiminika kile hakikuwa kimekataa kuvunjika. Kilikuwa kinavunjika kwa mwendo ambao saa ya darasani haiwezi kuuona.

Dakika 2 zilivyopotosha

Jambo la pili katika hoja yake, kwamba unga ukizidi gesi nayo inazidi, lilitokana na karatasi ya maelekezo. Tulirudia gramu 0.20 na gramu 0.40, safari hii tukisoma silinda kila dakika mpaka mwisho.

Kwa gramu 0.20, dakika ya kwanza ilifika mililita 18, ya pili 30, ya tano 45, ya kumi 49, kisha ikatua kwenye 50. Kwa gramu 0.40, dakika ya kwanza ilikuwa 30, ya pili 42, ya tano 49, nayo ikatua kwenye 50. Wanafunzi walipochora grafu zote mbili kwenye karatasi moja, waliona mistari inayoachana mwanzoni na kukutana mwishoni. Msichana mmoja wa dawati la mbele ndiye aliyegundua kwamba gramu 0.40 kwa dakika moja zilifanya kazi ambayo gramu 0.20 zilifanya kwa dakika mbili. Unga maradufu, muda nusu, mwisho uleule.

Anayesoma silinda mara moja tu, kwa dakika iliyopangwa, hawezi kujua kama tofauti anayoiona ni ya kasi au ya kiasi. Namba 30 na 42 zinaweza kutoka kwenye mimenyuko miwili yenye kasi tofauti na mwisho mmoja, au mimenyuko miwili yenye miisho tofauti. Kipimo kimoja hakitofautishi, na hakuna akili ya mwanafunzi itakayoziba pengo hilo. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kosa halikuwa la kijana. Swali tulilompa halikuweza kujibika kwa kipimo tulichomruhusu afanye.

Umbo la mstari nalo lina habari yake. Mwanzoni unapanda kwa kasi, halafu unalala, kwa sababu molekuli za peroksaidi zinazobaki ni chache na zinagusana na unga mara chache zaidi. Kila dakika huvunjika takribani sehemu ileile ya kilichobaki, na kilichobaki kinazidi kupungua. Tulipotumia mililita 1 ya peroksaidi badala ya 2, unga ukiwa uleule, mwisho ukawa nusu: 25. Kiasi cha gesi kilifuata peroksaidi. Kasi ndiyo iliyofuata unga.

Mililita kumi za ziada

Ilibaki lebo. Mililita 40 zilitegemewa, zikapatikana 50, na unga tumeshauondolea lawama. Hapa ndipo kisa kinapokuwa cha Mwanza hasa.

Nilianza kwa kuishuku lebo yenyewe. Mwenzangu anayefundisha kidato cha tano na cha sita katika shule nyingine alitusaidia kuipima peroksaidi yetu kwa taitresheni ya potasiamu pamanganeti, yaani kuidondoshea kemikali hiyo kidogo kidogo na kupima kiasi kinachohitajika kuimaliza. Ilionekana imepungua kidogo, kutoka ujazo 20 hadi karibu 19, jambo la kawaida kwa chupa iliyokwishafunguliwa. Kwa hiyo fumbo likazidi kuwa gumu: tulitegemea 38, na silinda inasema 50.

Jibu lilikuwa kwenye masharti ambayo lebo haiyaandiki. Ujazo wa gesi hauna maana bila kutaja joto na kanieneo, na "ujazo 20" umehesabiwa kwa nyuzi 0 za Selsiasi na kanieneo ya usawa wa bahari, yaani kilopaskali 101.3. Ziwa Viktoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mwanza umejengwa kuanzia hapo kwenda juu, miambani. Kwa kimo hicho hewa inasukuma kwa kilopaskali 88 na ushee. Ndiyo sababu hata maji ya chai hapa huchemka karibu na nyuzi 96, si 100. Maabara yetu ilikuwa na nyuzi 26.

Gesi inayosukumwa kwa nguvu ndogo zaidi hutanuka, na iliyopata joto hutanuka. Kutoka nyuzi 0 hadi 26, ujazo unazidishwa kwa 299 na kugawanywa kwa 273, na hilo linaongeza takribani asilimia 10. Kisha lipo jambo ambalo wengi wetu hulisahau: gesi iliyokusanywa juu ya maji imechanganyika na mvuke wa maji. Kwa nyuzi 26 mvuke huo una kanieneo ya karibu kilopaskali 3.4, kwa hiyo oksijeni yenyewe inabeba kama 85 tu kati ya zile 88.5. Ukigawanya 101.3 kwa 85.1 unapata 1.19. Zidisha 38 kwa 1.095, kisha kwa 1.19. Inatoka 49.5.

Darasa lilinyamaza nilipofika kwenye jibu hilo ubaoni, halafu aliyeandika ripoti akaomba tulirudie tangu mwanzo, yeye akishika chaki. Tulirudia.

Ningependa mwalimu mwenzangu wa Bukoba, Musoma, Kisumu au Entebbe alizingatie hili, maana sote tuko kando ya ziwa lilelile na kimo kilekile. Mwanafunzi wa Tanga au Dar es Salaam akifanya jaribio hili kwa peroksaidi ileile atapata kama 43 au 44, na huenda akaishuku mizani yake. Wetu atapata 50 na atakishuku kichocheo. Na mtu asichukue kanieneo kwenye taarifa za hali ya hewa bila kuuliza, kwani namba inayotangazwa mara nyingi imerekebishwa ili ionekane kana kwamba kituo kiko usawa wa bahari. Hiyo ingetuletea hektopaskali 1013 na kitu, yaani zilezile kilopaskali 101.3 za usawa wa bahari, nasi tungebaki na fumbo letu.

Maini ya sangara

Kuna mwanafunzi aliyesema, kwa haki kabisa, kwamba pengine yote haya ni tabia ya unga wa betri tu. Basi tukatafuta kichocheo ambacho hakina uhusiano wowote na manganizi, na kwa mtu wa Mwanza hakiko mbali. Nilikwenda soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi mapema, nikamwomba mama mmoja anayepasua samaki anipe ini bichi la sangara. Akaniuliza, "Mwalimu, hili unapika au unafundishia?" Nikamwambia la kufundishia. Alinifungia kipande kwenye mfuko pamoja na barafu.

Ini limejaa kimeng'enya (kichocheo kinachotengenezwa na mwili) kiitwacho katalasi, jina lililotolewa na Oscar Loew mwaka 1900. Kazi yake mwilini ni hii hii tunayoifanya maabara: kuvunja peroksaidi, ambayo huzaliwa ndani ya seli na ikiachwa huziumiza. Molekuli moja ya katalasi inaweza kuvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde moja. Kipande cha ini chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kikiwa kimepondwa, kilimaliza kazi kabla dakika moja haijatimia. Povu lilikuwa zito likatishia kuingia kwenye mrija, ikabidi tutumie chupa kubwa zaidi. Silinda ikatua kwenye 50. Kipande kingine kilichochemshwa hakikutoa kitu, kwa sababu moto huharibu umbo la kimeng'enya, na umbo ndilo linalofanya kazi.

Barafu ya yule mama inahusika na somo hili pia. Samaki akishakufa, vimeng'enya vya utumboni na vya misuli yake havifi naye. Vinaendelea kuchochea mimenyuko inayoilainisha nyama, na ubaridi hupunguza kasi yake. Barafu haiondoi kichocheo. Inachelewesha tu.

Unga unafanya nini basi?

Tukishasema kichocheo hakitumiki, wanafunzi huelewa kwamba kimekaa pembeni kinatazama. Si kweli, na hapa ndipo dhana ya mwanafunzi wetu ilipokuwa na chembe ya ukweli inayostahili heshima. Katika katalasi, molekuli ya kwanza ya peroksaidi huiachia atomi ya chuma iliyo kwenye moyo wa kimeng'enya atomi moja ya oksijeni, yenyewe ikaondoka ikiwa maji. Molekuli ya pili huja kuichukua oksijeni ile, na gesi ikatoka. Kwa kitambo kidogo mno kichocheo kimebeba oksijeni kweli, kisha kimeirudisha na kuwa kama kilivyokuwa. Manganizi nayo hupokea na kutoa elektroni kwenye uso wa unga, ikienda na kurudi. Kichocheo hushiriki kikamilifu. Kisichofanyika ni kukosekana mwishoni.

Ili molekuli ya peroksaidi ivunjike lazima kwanza ipate nishati ya kuivusha kizingiti. Bila kichocheo kizingiti hicho ni karibu kilojuli 75 kwa moli, na kwa joto la kawaida ni molekuli chache sana zenye nishati hiyo. Kichocheo hakizipi nishati zaidi. Kinafungua njia nyingine yenye kizingiti cha chini. Kwa katalasi, chini ya kilojuli 30. Molekuli zilezile, kwa joto lilelile, sasa nyingi zinapita.

Darasani nilitumia daraja la Kigongo–Busisi. Kabla halijafunguliwa mwaka 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Sengerema alisubiri kivuko, na foleni ikiwa ndefu saa ziliisha hapo. Sasa anavuka kilomita 3 kwa dakika chache. Daraja halikuisogeza Sengerema, halikuongeza idadi ya wenye safari, wala halipungui kwa kupitwa. Tena linawahudumia wanaokwenda na wanaorudi sawasawa, na hilo ndilo wanafunzi wa kidato cha tano hulipata gumu: katika mmenyuko unaoweza kurudi nyuma, kichocheo huharakisha pande zote mbili, kwa hiyo mizania, yaani hali ambayo kwenda na kurudi kuna kasi sawa, hufikiwa mapema lakini haihami.

Mtu asidhani haya yalikuwa wazi kwa wakubwa tangu zamani. Louis Jacques Thénard, Mfaransa aliyeigundua haidrojeni peroksaidi mwaka 1818, aliona mapema kwamba baadhi ya metali, na manganizi dayoksaidi pia, huivunja bila zenyewe kubadilika, na jambo hilo likamshangaza. Jöns Jacob Berzelius wa Uswidi aliipa hali hiyo jina mwaka 1835, akiamini ni nguvu ya aina ya pekee. Wilhelm Ostwald, miaka ya 1890, ndiye aliyelisimamisha suala zima juu ya kasi: kichocheo hubadilisha kasi ya mmenyuko bila kuonekana kwenye zao lake la mwisho. Kazi hiyo ni miongoni mwa zilizompa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1909. Kutoka kuona mapovu hadi kuuliza swali la saa, wanakemia walitumia zaidi ya miaka 70. Kijana wetu alitumia majuma machache.

Karatasi ya maelekezo tumeibadilisha. Silinda inasomwa kila dakika mpaka itulie, makundi yamepunguzwa ili muda utoshe, na joto la chumba linaandikwa juu ya jedwali. Kanieneo imeandikwa ukutani.

Mwanafunzi mwenyewe hakuishia hapo. Aliendelea kuutumia unga uleule, akaona kwamba kila akiuosha na kuurudisha kazini, dakika ya kwanza inatoa gesi pungufu kidogo, japo mwisho ni uleule. Akaja kuuliza: kama kichocheo hakitumiki, mbona kinachoka? Lilikuwa swali bora kuliko la kwanza. Vichocheo huchoka kweli mahali pengine. Risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli ilikuwa ikiufunika uso wa kichocheo cha kwenye bomba la moshi la gari na kukiua kabisa. Kwa unga wetu kulikuwa na maelezo mawili yanayowezekana: uso wake umeziba, au umepungua tu kwenye machujio. Safari hii nilimwachia apange kipimo mwenyewe. Aliupima unga uliochoka, mizani ikasoma 0.13. Akapima gramu 0.13 za unga mpya ambao haujawahi kugusa peroksaidi, akaviendesha vyote viwili sambamba, akasoma kila dakika. Mistari ilipandana kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho.